Mkono wa Kusukuma Bembea

Jumamosi asubuhi Mama Kiroboto alikuwa amesimama katikati ya karakana ya seremala, ameinua simu juu kama mtu anayetafuta mtandao. Mtandao ulikuwepo. Mume wake alikuwa ndani ya simu hiyo, amevaa tai, ameketi ofisini kwake katika mji mwingine, na alikuwa anachagua bembea ya watoto.

"Sogea kushoto," alisema mume. "Siyo kushoto kwako, kushoto kwangu. Ehee, hapo. Hiyo yenye kijumba juu ni mbao gani?"

"Msonobari."

"Msonobari ni chakula cha mchwa. Nionyeshe ile ya mtiki, yenye ubao wa kuserereka. Hapana, zunguka nyuma, nataka kuona skrubu. Ngoja, ngoja kidogo, kuna mtu mlangoni."

Picha ikapinduka, na Mama Kiroboto akabaki anatazama dari ya ofisi ya mumewe, pamoja na feni yake yenye bawa moja lililopinda. Siku hizi aliijua ile dari kuliko alivyoujua uso wa mwenyewe. Alishusha mkono, akaukunja na kuunyoosha mpaka ganzi ikatoka. Seremala, mtu mwembamba mwenye penseli sikioni ambayo alishinda akiitafuta, alikuwa ameketi juu ya meza ya kurandia anakunywa chai.

"Mama, leo tena hatuchagui?" aliuliza.

"Tunachagua, fundi. Subiri."

"Mie nasubiri tu. Ila ile uliyoipenda wiki ile nimeshauza."

"Si nilikwambia uniwekee?"

"Ulisema mume anafikiria. Mimi siweki mbao kwa ajili ya mtu anayefikiria."

Mama Kiroboto alimeza jibu lake. Alikuwa na majibu mengi ya namna hiyo tumboni, ya fundi na ya wengine, na hakuna hata moja lililowahi kumshibisha.

Siku za kazi alisimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa tangu asubuhi hadi jioni, akiwaeleza watu kwamba kidonge cha asubuhi hakiliwi jioni. Jumamosi ndiyo siku aliyokuwa akipumua. Sasa Jumamosi zake zote zilikuwa zimeishia hapa, kwenye vumbi la mbao, akimtembeza mwanamume ndani ya simu kama mnunuzi mkubwa asiyetaka kuchafua viatu.

Na jambo lenyewe lilianza kwa neno la mtoto. Kiroboto ni kitinda mimba, aliyepewa jina hilo na bibi yake kwa sababu hakutulia hata alipokuwa tumboni. Dada yake anaitwa Maswali, na ukikaa naye muda mfupi tu utajua kwa nini. Baba yao ni meneja wa ghala la kampuni ya rangi za nyumba, kwenye mji ambao mtu akitoka huko alfajiri anafika mchana. Alikuwa amekwenda kwa muda tu, mpaka apatikane mwingine. Wakati ule Kiroboto alikuwa bado hajazaliwa. Sasa Kiroboto alikuwa anavaa viatu mwenyewe, cha kulia mguu wa kushoto, na huyo mwingine alikuwa bado hajapatikana.

Baba Kiroboto hakuwa mtu mbaya, na hili lilimchosha mkewe kuliko kama angekuwa mbaya. Kila Jumamosi dereva wa kampuni alipita kupeleka makopo ya rangi madukani, na kila Jumamosi alishusha kitu nyumbani: mchele, sabuni, dawa ya mbu, viatu vya watoto, vya Kiroboto vikubwa na vya Maswali vidogo. Siku ya kuzaliwa ya Maswali alishusha keki ambayo ilikuwa imekaliwa kidogo. Ukimpigia Baba Kiroboto simu kumwambia bomba limepasuka, mtoto anaumwa au mama yake mzazi amemkumbuka, alijibu upesi na kwa upendo: "Usijali, nitamtuma dereva."

Siku moja simu ililia mezani wakati Mama Kiroboto anamenya viazi. Kiroboto akaikimbilia, akautazama uso uliotokea, akaita kwa sauti: "Mama! Yule mgeni anapiga!"

Bibi alicheka, kwa kuwa ni mama mzazi wa huyo mgeni na hakujua afanye nini kingine. Maswali akauliza mgeni anatakiwa akae muda gani kabla hajawa baba. Mama Kiroboto aliweka kisu chini. Alipochukua simu alimweleza mumewe neno kwa neno, bila kulipaka sukari, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mume hakuwa na mtu mlangoni.

"Niwekee bembea uani," alisema hatimaye. "Ile kubwa ya mbao, yenye ngazi, kijumba na kila kitu. Bembea ikiwepo, nitakuja kila Jumamosi niwasukume mwenyewe. Nakuapia."

Mama Kiroboto alilishika neno hilo kwa meno. Hakuitaka bembea. Alizitaka hizo Jumamosi. Alitaka siku moja Kiroboto asikie mlango wa gari, atoke mbio, na aite jina linalostahili. Kama njia ya kufika huko ilipitia kwa seremala mwenye maneno mengi, basi angepita kwa seremala.

Lakini Baba Kiroboto alijua kuchagua, Mungu amsamehe. Alichagua paa, akaliondoa. Alichagua ngazi ya kamba, akaona ya mbao ni salama zaidi, kisha akauliza kama mtu anaweza kupata zote mbili. Alitaka ubao wa kuserereka uelekee mashariki usije ukawaunguza watoto kwa jua la mchana. Aliuliza vanishi itanukaje ikinyeshewa. Mtu asiyejua saizi ya mguu wa mwanawe alijua tofauti ya skrubu ya shaba na skrubu ya chuma, na alikuwa tayari kubishana juu yake mpaka chaji iishe. Fundi naye hakukubali kushindwa. Mama Kiroboto alisimama katikati ameshika simu, wanaume wawili wakigombana kupitia kiganja chake.

Jumamosi ile, picha iliporudi kutoka darini, mume alisema, "Haya. Ya mtiki. Bembea mbili, kijumba kisicho na mlango, ngazi ya mbao. Nimemaliza."

Mama Kiroboto hakuamini. Alimgeuzia fundi simu ili asikie mwenyewe kabla mambo hayajabadilika.

"Sawa," alisema fundi, akashuka kwenye meza. "Imebaki kamba. Nani atasukuma?"

Katika karakana ile kamba ya bembea haikukatwa kwa futikamba. Ilipimwa kwa mkono wa mtu atakayesukuma, tangu begani hadi ncha ya kidole cha kati, mara kadhaa kufuatana na urefu wa nguzo. Baba yake fundi alifanya hivyo, na babu yake pia. Msukumaji hutajwa mbele ya mbao, mbao zikasikia, zikamzoea, kazi ikaisha. Hakuna mteja aliyewahi kuliona jambo hilo kuwa gumu, kwa kuwa wateja wengi walikuja wenyewe.

Mama Kiroboto alifungua mdomo aseme ni yeye. Simu ikamwahi.

"Mimi!" alisema Baba Kiroboto, kwa sauti iliyoijaza karakana nzima. "Baba yao niko hai, asukume nani mwingine?"

Mbao zilizoegemezwa ukutani zikalia kidogo, kama zinavyolia zikishikwa na jua. Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Haya, zimesikia. Aje apimwe."

"Jumamosi ijayo," alisema simu, na dari ikarudi.

Bembea ililetwa nyumbani juu ya mkokoteni, ikasimamishwa nyuma ya nyumba, kati ya tangi la maji na kamba ya kuanikia nguo, mahali geti linapoonekana. Ilikuwa nzuri, hilo halina ubishi. Watoto walipanda ngazi, wakakaa kijumbani, wakaserereka mpaka suruali ya Kiroboto ikatoboka. Fundi alizining'iniza zile bembea mbili kwa kamba ya muda, akasema zitakaa hivyo mpaka mwenye mkono aje.

Mama Kiroboto hakuona haja ya kungoja. Alimkalisha Kiroboto, akamshika mgongoni, akasukuma. Bembea haikwenda. Akasukuma kwa mikono miwili, akajitegemeza kwa miguu, kanga ikamfunguka, na bembea ikakaa palepale kama mlango uliopigiliwa misumari. Bibi alikuja na mkongojo wake, akasukuma kwa kitako cha mkongojo, akasema mbao za siku hizi zina kiburi. Maswali alijaribu kumsukuma mdogo wake, kisha mdogo akajaribu kumsukuma yeye. Mama Kiroboto akampigia fundi.

"Fundi, bembea haiendi."

"Mwenyewe amekuja?"

"Hajaja."

"Sasa iende kwa nini?"

"Nipime mimi basi! Mimi ndiye niliyepo!"

"Mama, mimi si mkorofi," alisema fundi. "Ungeniambia kabla. Mbao imeshasikia mtu wake, nikiibadilishia itajikunja. Mlete tu mumeo, dakika tatu, mambo kwisha."

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na ukaguzi wa ghala. Jumamosi ya baada yake mkurugenzi alikuja ghafla. Halafu gari likaharibika, halafu shehena ikachelewa, halafu ikawahi. Kila Jumamosi watoto walioga mapema, wakavaa nguo za kutokea, wakaenda kukaa juu ya zile bembea mbili zisizokwenda, wametazama geti. Walikaa wima, miguu imening'inia, mikono imeshika kamba, wala hawakusukumana. Mchana dereva alifika akashusha mchele. Jumamosi moja Kiroboto alimuuliza dereva kama yeye ndiye baba. Dereva, mtu wa watu, alisema hapana, lakini asante.

Siku hiyo Mama Kiroboto alichoka. Siyo kuchoka kwa kazi. Kule kuchoka kunakomfanya mtu agonge sufuria bila sababu. Alimpigia mumewe katikati ya kikao, akampigia tena, na tena, mpaka akapokea.

"Nisikilize," alisema. "Watoto wako wanakaa kwenye bembea kama abiria wa basi lisilokuja. Sitaki mchele. Sitaki sabuni, sabuni ninazo za kufulia nguo za mji mzima. Fundi anataka mkono wako tu ili apime kamba. Mkono tu! Ni kitu gani kigumu hapo?"

Upande wa pili mlango wa chumba cha kikao ulisikika ukifungwa.

"Mkono tu?" alisema Baba Kiroboto. Sauti yake ilikuwa na unafuu wa kweli. "Mbona hukusema mapema, mke wangu? Nitamtuma dereva."

Dereva alifika Jumamosi mchana. Alishusha gunia la mchele, katoni ya sabuni, na kifurushi kirefu kilichozungushiwa taulo la bluu, ambacho alikibeba kifuani kama kichanga.

"Shikamoo, mama," alimwambia bibi. Kisha akamgeukia Mama Kiroboto. "Mkono huu hapa. Bosi amesema ukishapimwa ubaki tu, hakuna haja ya kuurudisha. Ila saa anaiomba."

Mama Kiroboto akafunua taulo. Ulikuwa mkono wa mumewe tangu begani, ndani ya mkono wa shati jeupe la ofisini, kifungo kimefungwa. Alilijua lile kovu la pasi karibu na kidole gumba. Yeye ndiye aliyelipaka asali siku ile. Mkono ulikuwa na joto lake. Akavua saa, akampa dereva.

"Wa kushoto," alisema bibi, aliyekuwa ameinama kutazama.

"Wa kulia anaandikia," alisema dereva. "Halafu kuna simu."

"Mwenyewe anaendeleaje?" aliuliza Mama Kiroboto.

"Mzima kabisa. Shati kalibana na pini. Ofisini wameshazoea."

Mama Kiroboto alibaki amesimama na mkono wa mumewe mikononi, na hasira ikampanda mpaka kwenye masikio. Alimwomba mtu, akaletewa kipande. Tena kipande chenyewe kile ambacho mwenyewe hakitumii. Lakini Kiroboto alikuwa anamvuta kanga akiuliza kama sasa bembea itakwenda, na huwezi kumweleza mtoto hesabu hiyo akiwa amevaa shati la kutokea.

Fundi aliitwa, akaja jioni na kamba mpya. Aliunyoosha mkono juu ya meza, akapima, akalalamika kwamba mtu mwenye sauti kubwa namna ile alitegemewa kuwa na mkono mrefu zaidi. Alifunga bembea. Kisha akautengenezea mkono kibao juu ya nguzo ya nyuma, penye kivuli, akakipiga msasa kingo zote zisije zikauchubua, akauweka. Mkono ukatulia kidogo, ukajaribu vidole. Kiroboto akakaa. Mkono ukamgusa mgongoni, ukasukuma, na bembea ikaenda.

Ikaenda vizuri. Kiroboto alipiga kelele za furaha mpaka jirani, mshona nguo wa nyumba ya pili, akaacha cherehani yake akaja kuegemea uzio.

"Mkono wa nani?"

"Wa baba yao," alisema Mama Kiroboto.

"Mwenzangu, una bahati," alisema jirani. "Wengine hata kidole hatutumiwi."

Hivyo ndivyo walivyosema wote. Kule duka la dawa walisema hivyo, na bibi alisema hivyo kila mlo, kwa kuwa mwanawe alikuwa amesifiwa. "Mkono ameleta, unataka nini tena?" alimuuliza mke wa mwanawe, na Mama Kiroboto akaona kwamba kweli, hakuna neno fupi la kujibu swali hilo. Akisema anamtaka mume, ataambiwa huo ni nini basi.

Mkono haukuwa mvivu. Hilo nalo lilimkera. Haukungoja Jumamosi, ulisukuma kila siku, watoto wakitoka shule mpaka wakiitwa kuoga. Ulijifunza kwamba Maswali anataka kwenda juu mpaka aone bati la jirani, na kwamba Kiroboto anajifanya shujaa lakini akipelekwa juu sana hukojoa. Ulimfungia vifungo vya shati. Siku alipoanguka kwenye ngazi ulimfuta vumbi gotini kabla mama yake hajafika. Ulijua mambo ambayo mwenye mkono hakuyajua, na hakuna njia yoyote ambayo kwayo yangeweza kumfikia, kwa sababu mkono ulikuwa huku na yeye kule.

Mchana mmoja Mama Kiroboto alirudi mapema kutoka kazini, kichwa kinamgonga. Watoto walikuwa shule, bibi amelala. Alikwenda nyuma kuanua nguo, na badala ya kuanua akakaa kwenye bembea. Mkono ukamgusa mgongoni, pale chini ya bega, palepale mumewe alipokuwa akimshika zamani wakivuka barabara. Ukamsukuma taratibu.

"Niache," alisema.

Mkono ukaacha.

Basi akalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Aliuambia mkono yote. Aliuambia jinsi alivyomzaa Kiroboto peke yake, dereva akileta maua wiki iliyofuata. Aliuambia kwamba kitanda ni kikubwa mno na kwamba yeye hulala pembeni bado, kama mtu anayeachia nafasi. Aliuambia kwamba anamkosa, na kwamba anaona aibu kumkosa mtu anayepiga simu kila siku. Mkono ulisikiliza kadiri mkono unavyoweza, yaani haukusikia kitu. Alipomaliza ulimpa kitambaa kutoka kwenye kamba ya nguo. Akapangusa pua, akaanua nguo zilizobaki.

Baba Kiroboto alikuja siku ya Jumatano.

Hakusema anakuja. Gari la kampuni lilisimama getini, akashuka yeye badala ya mchele, amevaa koti jipya ambalo mkono wake mmoja ulikuwa umekunjwa na kubanwa pini. Mama Kiroboto alikuwa nyumbani, zamu yake siku hiyo ikiwa ya jioni. Alimwona kupitia dirisha la jikoni, na moyo wake, ambao ulistahili kuwa na akili zaidi kwa wakati huo, ukaruka.

Watoto walitoka. Walimwamkia vizuri, kwa pamoja, kama walivyofundishwa.

"Shikamoo."

"Marahaba! Loo, mmekuwa wakubwa."

Kiroboto akamvutia kiti. "Karibu," alisema. "Mama anakuja sasa hivi." Na Maswali akamuuliza kama atakunywa chai au maji.

Baba Kiroboto alimtazama mtoto, akatazama kiti, akasema hatakaa. Alikuwa na haraka. Alikuwa amechaguliwa mfanyakazi bora wa kampuni nzima, kwa kujitoa kwake, na kesho yake mkurugenzi angemkabidhi ngao mbele ya watu. Ngao hiyo hupokelewa kwa mikono miwili. Alikuwa amekuja kuuazima mkono, siku mbili tu, kisha angemtuma dereva aurudishe.

"Hongera, mwanangu," alisema bibi kutoka kibarazani, machozi yakimlengalenga.

Mama Kiroboto hakusema hongera. Alimpeleka nyuma ya nyumba. Kiroboto alikuwa ameshatangulia na kukaa kwenye bembea, na mkono ulikuwa umeanza kazi.

"Haya, twende," Baba Kiroboto aliuambia mkono.

Mkono ukasukuma. Akangoja bembea irudi, akaushika kwa ule wa kulia, akavuta. Mkono ukaikamata kamba, vidole vikakaza mpaka vifundo vikawa vyeupe. Walivutana hivyo kwa muda, mtu na mkono wake, mpaka mtu akaanza kuhema.

"Haukutambui," alisema Mama Kiroboto. "Wasukume watoto kidogo. Labda utakuzoea."

Akasimama nyuma ya Kiroboto, akaweka kiganja cha kulia mgongoni mwake. Mtoto akageuka kuangalia ni nani. Baba akasukuma, na bembea haikwenda. Akajikaza, tai ikamwangukia begani, jasho likamtoka puani. Mtiki aliouchagua yeye mwenyewe, skrubu kwa skrubu, ukakaa kimya.

"Fundi kakosea vipimo," alisema.

"Fundi hajakosea. Alipima huo mwingine." Mama Kiroboto alikuwa ameshika kona ya kanga yake na kuikunjakunja. "Kaa. Lala hapa leo. Kesho fundi aje akupime wewe mzima, amesema mbao itakubali ukija mwenyewe. Dakika tatu. Mwache mkurugenzi na ngao yake, baba watoto. Nakuomba."

Alimtazama mkewe, na kwa muda kidogo alionekana kama mtu anayechagua. Mama Kiroboto aliijua sura hiyo; alikuwa ameiona Jumamosi nyingi ndani ya simu. Kisha simu ikalia mfukoni, na ilibidi aachie mgongo wa mtoto ili aipokee.

"Jumamosi nakuja," alisema akiwa ameziba kipaza sauti kwa kidole gumba. "Jumamosi hakika."

"Ipi?" aliuliza Maswali.

"Ijayo."

Hakuukasirikia mkono. Alikuwa amezoea kuacha vitu nyumbani. Watoto walimsindikiza mpaka getini, kama anavyosindikizwa mgeni, na gari lilipoanza kurudi nyuma wakampungia. Kutoka kule uani, juu ya nguzo yake, ule mkono nao ukapunga. Baba Kiroboto aliuona kupitia kioo. Alitaka kujibu, lakini mkono wa kulia ulikuwa umeshika simu.

Ijumaa alipiga kuwaeleza kwamba ngao ameipata. Mtu wa idara ya fedha alikuwa amemshikia upande wa pili. Alipoongea na Maswali, Maswali alimuuliza jambo, akamuuliza tena, akasema, "Baba, wewe hunisikii." Akajibiwa asijali.

Jumamosi watoto walioga mapema. Mchana dereva alishusha mchele, ngao iliyofungwa kwa gazeti ili itundikwe ukutani, na kopo dogo la rangi lililosafishwa vizuri. Ndani, juu ya pamba, palikuwa na sikio.

"Kwa ajili ya Maswali," alisema dereva. "Bosi amesema mchague wenyewe pa kuliweka."

Mama Kiroboto alisubiri gari liondoke. Kisha akaliinua kopo mpaka karibu na mdomo, akafumba macho. Maneno yote yalikuwepo, hakuna lililopotea. Lakini alikuwa ameshamwomba mwenyewe, uso kwa uso, wakati sikio lingali kichwani. Akashusha kopo, akamwita mwanawe.

Maswali alichungulia ndani.

"La kushoto?"

"La kushoto."

"Sawa," alisema Maswali. "La kulia ni la simu."

Akalichukua kwa mikono miwili, akaenda nalo nyuma ya nyumba, akaliweka kwenye kibao cha fundi kando ya mkono. Alilisogeza kidogo lisipigwe na jua. Kiroboto alikuwa anapita hewani, anakwenda na kurudi.

"Nini hicho?" aliuliza kutoka juu.

"Baba."

"Si huyu hapa?" alisema, akionyesha mkono.

"Ni huyohuyo," alisema dada yake. "Anakuja kidogo kidogo."

Mama Kiroboto aliwasikia kutoka mlangoni. Akainama, akashika gunia masikio yake mawili, akauburuta mchele ndani.